Majeshi Yaliyotoka Pindo

Ti.

Ndivyo kilivyolia kifungo cha mwisho cha buluu kilipoingia ndani ya kopo. Hakikulia kwa nguvu. Kifungo ni kitu kidogo, na kopo lenyewe lilikuwa limeshajaa nusu. Lakini Fundi Jalada alikisikia, na wiki tatu baadaye alikuwa bado anakisikia: akipaka gundi, akinywa chai, akiitikia salamu za watu barabarani. Ti. Kama mtu anayebisha mlango kwa ukucha kwa kuogopa kuwasumbua wenyeji.

Aliyekitia kifungo kile koponi ni dada yake. Hakukitupa. Alikiinua kwa vidole viwili, akakiweka, kisha akaupangusa ubao kwa kiganja, kama anavyopangusa chaki kwenye kitambaa, akasema, "Haya, mmeniweza." Akatabasamu. Akachukua mkoba wake, akashuka ngazi taratibu, mguu wa kulia kwanza, wa kushoto ukiufuata kwenye daraja lilelile, kwa sababu ya magoti.

"Jenerali!" Kinyozi alipiga meza mpaka vikombe vikaruka. "Dada yako wa tumbo moja! Wewe mwilini huna damu, una gundi!"

Watu wakacheka. Fundi Jalada naye akacheka, tena kwa sauti, mpaka akajifuta macho. Kicheko hicho ndicho alichokuja kukionea haya baadaye kuliko ushindi wenyewe.

Alikuwa mjalidi vitabu, mtu wa miaka hamsini na sita, mwembamba, mwenye kucha ambazo hazikutakata tangu alipoanza kazi. Karakana yake ilikuwa chumba kirefu cha ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vioo. Humo mlikuwa na mashine ya chuma ya kubania vitabu, misokoto ya uzi uliopakwa nta, mabunda ya kadibodi, na harufu ya gundi ambayo wageni waliilalamikia na yeye alishasahau kwamba ipo. Waliletwa kwake wagonjwa wa kila aina: vitabu vya sala vilivyokatika mgongo, kamusi zilizomwaga kurasa, tasnifu za wanafunzi wa chuo. Aliwashona wote kwa mkono, akawavalisha nguo mpya, akawarudisha kwa wenyewe.

Kila Jumamosi alasiri alisitisha kazi, akapangusa meza ya kukatia, akautandaza ubao. Aliutengeneza mwenyewe miaka kumi na moja nyuma, kwa kadibodi nene ya majalada na kitambaa cha kujalidia, akachora juu yake bara ambalo halipo popote.

Mchezo wenyewe si mgumu kuueleza. Kuna dola tano, kila moja na rangi yake, na miji ishirini na minne. Anayeshika miji kumi na mitatu ameshinda. Hakuna kete wala bahati. Majeshi ni vifungo, na hakuna kifungo chenye nguvu kuliko kingine. Vikikutana viwili, vinabaki kutazamana. Ukitaka kuingia mji wenye mlinzi unahitaji kifungo cha pili cha kukuunga mkono, na mara nyingi hicho cha pili ni cha jirani. Kwa hiyo huwezi kushinda peke yako, na huwezi kushinda bila kumwacha mtu njiani. Kila raundi huanza kwa robo saa ya mashauriano. Watu hutoka wawili wawili, wengine ngazini, wengine kwenye roshani kunakoanikwa nguo, wakanong'onezana na kuahidiana. Kisha kila mmoja hurudi mezani, akaandika amri zake kwenye kijikaratasi, akakitumbukiza kikombeni, na Mwalimu akavisoma vyote kwa mpigo. Hapo ndipo unapojua nani alikuwa akisema kweli.

Mwalimu alikuwa mstaafu wa hesabu, mchezaji na mshika sheria kwa wakati mmoja. Kinyozi mnamjua tayari. Dola yake ilikuwa ya manjano, na miji yake aliipa majina ya Wembe, Kioo na Kiti cha Pili. Wa nne, mwenye dola nyeusi, alikuwa mama mwenye duka la dawa, waliyemwita Mama Vidonge, aliyesema machache na kusahau hakuna. Kiti cha tano kilikuwa cha karani mmoja aliyehamishwa kikazi. Kikakaa kitupu miezi mingi, mpaka Fundi Jalada alipomleta dada yake.

Na kwa haki kiti hicho kilikuwa chake tangu mwanzo, maana vifungo vyote vya mchezo vilitoka kwake. Alikuwa mshonaji. Mumewe alikuwa amefariki mwaka mmoja nyuma, na tangu hapo maneno yake yalikuwa yamepungua, kama bomba linalofungwa kidogokidogo. Mdogo wake alimwambia, "Njoo dada, uone vifungo vyako vinavyopigana." Akaja. Siku ya kwanza aliukagua ubao mbele na nyuma kama kanzu aliyoletewa kuirekebisha. Akapewa buluu. Miji yake akaiita Shingo, Mfuko na Pindo, na alipotamka Pindo akacheka mwenyewe, na mdogo wake akageuka dirishani, kwani hakuwa amesikia kicheko kile kwa mwaka mzima.

Nyuma ya ubao kulikuwa na sheria moja, kwa mwandiko wa Mwalimu, mnyoofu kama wa ubaoni: *Mezani na ngazini danganya upendavyo. Usiape kwa kitu cha nyumbani.* Iliandikwa baada ya mashemeji wawili, wachezaji wa zamani, kuapizana kwa afya ya mtoto wakagombana miaka miwili. Atakayeivunja atakaa nje ya meza mwaka mzima. Haikuwa imevunjwa tena. Watu walidanganyana kwa raha zao, wakanywa chai, wakaenda zao.

Katika kudanganyana huko Fundi Jalada alikuwa bingwa. Wageni walipanda ngazi kuleta vitabu, wakabaki kuomba mashauri. Naye aliwapa huku akishona, sindano ikiingia na kutoka. Usimwombe jirani mji, mwombe njia ya kupita. Atakayekupa njia leo hatakunyima kesho. Zungumza na wote siku ya kwanza, hata yule utakayempiga, maana mtu asiyesemeshwa hukaa akiwaza. Usiache jeshi mpakani kwa rafiki. Jeshi linalomchunga rafiki limelala kazini. Na ukitaka kumgeuka mtu, mgeuke siku ambayo hatapata nafasi ya kukurudia. Mwalimu alikuwa amemwomba ayaandike yote hayo katika kijitabu, kwa ajili ya vijana wa maktaba waliotaka kuanzisha meza yao. "Andika wewe, jalidi wewe," alimwambia. "Sifa zote ziwe zako."

Sasa Jumamosi ile. Fundi Jalada, kwa dola yake nyekundu, alikuwa na miji kumi na mmoja. Alikuwa hajashinda kwa muda mrefu, na Kinyozi alikuwa amemwambia mbele ya wateja kwamba jenerali amekuwa mzee wa kutoa ushauri. Miji miwili iliyobaki ilikuwa palepale ubavuni mwake: Pindo na Mfuko, miji ya dada yake. Pindo ulikuwa na vifungo viwili vya ulinzi. Mfuko ulikuwa na kimoja, na Mama Vidonge alishakubali kumuunga mkono huko.

Wakatoka ngazini, yeye na dada yake. Dada aliegemea ukuta kupumzisha goti.

"Dada, Kinyozi anakushukia kutoka kaskazini. Vile vifungo viwili vya Pindo, vipeleke Shingo."

"Na Pindo abaki nani?"

"Pindo unapakana na mimi tu."

"Ndiyo maana nauliza."

Fundi Jalada akacheka. "Umeshakuwa mjanja, wewe!"

"Nimewakatia watu nguo miaka arobaini," dada akasema. "Mtu akiniambia hapa kiunoni usiniachie nafasi, mimi naiacha tu. Namjua, mwakani atanenepa."

Ungekuwa mzaha mzuri wa kuishia. Angekuwa mpinzani mwingine yeyote, Fundi Jalada angemwacha hapo, akatafuta njia nyingine. Lakini robo saa ilikuwa inakwisha, sauti ya Kinyozi ilikuwa inakuja kutoka roshani, na Fundi Jalada akainamisha kichwa karibu na kichwa cha dada yake, akasema kwa sauti ya chini:

"Mimi, dada? Mimi nikugeuke wewe? Kwa ile siku ya cherehani, siwezi."

Dada alimtazama. Alimtazama kwa kitambo, mpaka Mwalimu akagonga kikombe kwa kijiko kuwaita.

"Haya," akasema. "Kwa siku ile, haya."

Siku ya cherehani hakuna aliyeijua duniani ila wao wawili. Fundi Jalada alikuwa na miaka saba, dada kumi na miwili. Mama yao alishona kwa cherehani ya mkono, na siku hiyo alikuwa ametoka kupeleka gauni la mtu. Mtoto yule akatia msumari chini ya sindano, apate kujua kama cherehani inaweza kushona chuma. Akazungusha mkono kwa nguvu zake zote. Kitu kikavunjika ndani, gurudumu likagoma. Mama aliporudi, kabla hajauliza mara ya pili, dada akasema, "Ni mimi, mama. Nilikuwa najifunza."

Cherehani ilikaa miezi bila kupona. Nguo za watu zikashonwa kwa mkono, na mikono ya mama haikutosha. Dada akaachishwa shule kwa muda, amsaidie. Muda ule haukuisha. Mdogo akasoma mpaka akaja kushona vitabu. Dada akashona, na vitabu akaviacha. Mama yao aliondoka duniani hajui. Siku ya maziko mdogo alitaka kusema jambo, dada akamshika mkono: "Yamepita hayo." Na kweli hawakuyagusa tena, mpaka siku hiyo ngazini, yalipotolewa kwa ajili ya mji wa kadibodi uitwao Pindo.

Mwalimu akasoma vijikaratasi. "Buluu: majeshi mawili yatoke Pindo, yaende Shingo. Nyekundu: jeshi liingie Pindo. Nyekundu: jeshi liingie Mfuko, Nyeusi ikiliunga mkono." Akahesabu kwa kidole. "Kumi na mitatu. Mchezo umekwisha."

Dada akaviokota vifungo vyake vyote, kimoja kimoja, na yaliyofuata yameshasemwa.

Kama ingekuwa mchezo tu, basi. Lakini kulikuwa na chumba.

Dada aliishi ghorofa ya nne katika nyumba isiyo na lifti, ngazi sitini na mbili, alizihesabu mwenyewe. Siku moja goti lilimkatalia kwenye ghorofa ya tatu, akaketi pale na mfuko wake wa vitambaa saa nzima, mpaka jirani aliporudi kutoka kazini. Daktari akasema ngazi hizo aziache. Fundi Jalada na mkewe walikuwa na chumba cha nyuma, cha chini, chenye dirisha linalotazama uani. Wakakipaka rangi. Yeye akatengeneza rafu ya nyuzi, yenye visanduku ishirini. Jumanne ya wiki ileile ya mchezo walimleta dada akione. Alishika fremu ya dirisha, akasema, "Mwanga mzuri." Fundi Jalada akainamisha kichwa karibu na kichwa chake, akasema kwa sauti ya chini, "Hiki ni chako, dada. Mpaka siku utakayokichoka wewe, si sisi."

Dada akakubali. Mkataba wake na mwenye nyumba ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi. Akachagua na pazia.

Baada ya Jumamosi ile hakuja tena mezani. Alituma neno kwamba ana kazi nyingi za harusi, na huenda ilikuwa kweli. Wiki ya pili, mke wa Fundi Jalada alirudi kutoka kumtembelea, akaweka kapu chini bila kuvua viatu.

"Wifi anasema bado anafikiria."

"Anafikiria nini?"

"Kuhama. Mwenye nyumba amempa mkataba mpya wa miezi sita. Uko juu ya kabati, hajautia sahihi, lakini hajaukataa pia." Akamkazia macho. "Mmegombana?"

"Hatujagombana."

"Mtu hafikirii tena jambo aliloshachagulia pazia. Mmegombana."

"Nimekwambia hatujagombana, mke wangu."

"Basi kuna mmoja amegombana na mwingine hana habari," mkewe akasema, akaenda kuvua viatu.

Fundi Jalada akajifungia katika kijitabu. Aliandika asubuhi karakanani, kabla wateja hawajaja, kwenye karatasi za mabaki. Sura ya kuanza mchezo aliimaliza kwa kikao kimoja. Ya kuandika amri zisizo na utata, vivyo hivyo. Kisha akafika kwenye sura ambayo Mwalimu aliitaka kuliko zote, akaandika kichwa chake: *Namna ya kumfanya jirani akuamini.*

Akaandika: Anza na mambo madogo, uyatimize. Mpelekee habari kabla hajaomba. Msaidie mahali ambapo wewe hupati kitu, watu wengine wakiona. Mkumbushe mlikotoka pamoja. Usiombe kitu kikubwa mpaka awe ameona aibu kukunyima.

Akasimama kunyoosha mgongo. Akarudi kusoma. Na aliposoma akakumbuka miwani aliyomnunulia dada, na madumu ya maji aliyompandishia ngazi sitini na mbili bomba lilipokauka, na kwamba siku ya maziko ya shemeji yake hakubanduka mlangoni kwake. Hayo yote aliyafanya kwa moyo mweupe. Alijua hivyo, alikuwa tayari kuapa. Hapo neno kuapa likamkwama. Kwa sababu yale ya moyo mweupe na haya ya kwenye karatasi yalikuwa ni mambo yaleyale, kwa mpangilio uleule, na mtu aliyesimama upande wa pili wa mpaka hangekuwa na njia ya kuyatofautisha.

Alikaa na sura hiyo siku nne. Akaanza kukosea kazini. Alishona kamusi ya mtu juu chini, herufi ya mwisho ikatangulia, na mwenyewe alipokuja kuichukua alicheka, akasema atajifunza kusoma kwa kurudi nyuma. Fundi Jalada hakucheka. Aliikata nyuzi zote, akaanza upya.

Jumamosi ya tatu walipokaa mezani, kiti cha tano kikiwa kitupu, alisema kabla vifungo havijapangwa.

"Nina neno. Ushindi wangu ule haukuwa halali."

Kinyozi akainua kichwa. "Ulihesabu vibaya? Nilijua! Nilisema kumi na miwili mimi!"

"Hesabu ilikuwa sawa. Niliapa kwa kitu cha nyumbani. Ngazini, kwa dada."

Mama Vidonge aliweka kikombe chini. Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kisha akaupindua ubao, ingawa maneno yake aliyajua kwa moyo.

"Kitu gani?" Kinyozi akauliza.

"Hilo siwezi kusema."

"Kikubwa?"

"Kikubwa."

"Aah, Jenerali." Kinyozi alisema bila mzaha, na bila mzaha sauti yake ilikuwa kama ya mtu mwingine. "Kwa Pindo? Si ungeniomba mimi Wembe? Ningekupa, ningekuimba wiki nzima dukani, yakaisha."

"Mwaka mmoja," Mwalimu akasema. "Hilo halinipunguzii upendo kwako, lakini mwaka mmoja."

"Najua."

"Na kijitabu?"

Fundi Jalada akazitoa zile karatasi, akampa, zikiwa pungufu kwa sura moja. Mama Vidonge akamtazama akasema, "Na mimi nilikuunga mkono Mfuko. Sikujua mlichoambiana kule ngazini." Hakuwa anajitetea. Alionekana kama mtu aliyegundua doa kwenye nguo yake, lisilo lake.

Akawaachia karakana na ufunguo, akatoka. Njiani alitembea haraka, mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo. Alikuwa ameungama mbele za watu, ameadhibiwa, amekubali. Alipokuwa akipanda ngazi za dada alikuwa hata anapanga namna watakavyohamisha cherehani Jumatatu, nani abebe kichwa, nani abebe meza.

Dada alikuwa dirishani, anapindua ukosi wa shati. Sindano tatu zilikuwa zimepangwa kifuani, kwenye blauzi.

"Karibu. Leo si Jumamosi? Huchezi?"

"Nimefungiwa. Mwaka mzima." Akaketi kwenye stuli ya wateja. "Nimewaambia, dada. Nimewaambia wote kwamba niliapa kwa kitu cha nyumbani. Sikusema ni nini. Lakini nimekiri."

Dada aling'ata uzi, akautema kwenye kiganja.

"Umewaambia wao kwanza?"

Hakuwa amefikiria hilo.

"Kinyozi," dada akasema. "Na mama wa dawa. Na Mwalimu. Halafu ukaja kwangu."

"Nilidhani... Sheria ni yao."

"Sheria ni yao, ndiyo. Nami niliisoma siku ya kwanza, nyuma ya ubao. Mimi nguo huitazama ndani kabla ya nje."

Fundi Jalada akamtazama. "Ulijua? Pale pale mezani ulijua? Ungesema neno moja tu ningetolewa, dada. Kwa nini hukusema?"

Dada aliupiga ukosi pasi kwa kiganja.

"Nimezoea," akasema.

Alilisema bila uchungu, kama mtu anavyosema amezoea chai isiyo na sukari. Chini, barabarani, mtu alikuwa anamfokea mwenye mkokoteni, na mwenye mkokoteni anajibu kwa utani, na sauti zote mbili ziliingia dirishani zikakaa chumbani kwa muda.

"Pindo sina haja nao, mdogo wangu," dada akaendelea. "Mchezo ni mchezo. Ungenidanganya kwa lolote jingine ningekutukana ngazini, na leo tungekuwa tunacheka. Hata ile siku yenyewe, nilikupa zamani, sikukukopesha. Hilo silo."

"Ni lipi basi?"

"Jumanne uliniambia chumba ni changu. Jumamosi uliniambia hutanigeuka." Akaweka shati pajani. "Kazi yangu mimi ni kutazama watu. Mtu akisimama hapo najua bega lipi limeshuka kabla sijachukua futi. Nimekaa hapa wiki tatu nazilinganisha zile nyuso zako mbili, ya Jumanne na ya Jumamosi. Kichwa kimeinama hivihivi. Sauti hiihii. Nimetafuta tofauti nimekosa."

"Ya Jumanne ilikuwa kweli, dada."

"Huenda."

"Kweli kabisa!"

"Umeinamisha kichwa tena," dada akasema polepole.

Akanyoosha shingo haraka, akaona aibu kwa kuinyoosha, asijue kichwa akiweke vipi. Mikono yake nayo ikamzidi, akaificha katikati ya magoti. Alikuwa na miaka hamsini na sita, na kwa mara ya kwanza tangu akiwa na saba alisema, akitazama sakafu, "Niliivunja mimi. Ile cherehani. Msumari niliutia mimi, na uliposema ni wewe nilifurahi."

Dada alilikunja shati pajani.

"Nilikuona ukifurahi," akasema. "Ulikuwa mtoto."

Akainuka kwa kushika meza, akaenda kwenye kabati, hatua tano zilizomchukua muda wa hatua kumi. Akarudi na karatasi, akaiweka mbele yake juu ya vipande vya kitambaa, na kalamu juu yake. Ulikuwa ule mkataba wa miezi sita. Mahali pa sahihi palikuwa patupu.

"Mwenye nyumba anakuja kesho asubuhi," akasema. "Watu wanapanda ngazi zako kutoka kila upande kuomba mashauri. Mimi sijawahi kukuomba hata moja. Nishauri leo. Nikitia sahihi, nabaki na magoti yangu na ngazi zangu. Nisipotia, chumba hiki kinakwenda, na siwezi kukipata tena, wapo wanaokisubiri. Nitabaki na neno lako tu. Nifanyeje?"

Fundi Jalada aliitazama karatasi. Maneno yalimjia yote, mazuri, yamejipanga mlangoni kama watoto wa shule: mwanga wa dirisha, rafu ya visanduku ishirini, mkewe aliyeosha pazia mara mbili ili liondokewe na harufu ya duka. Hakuna hata moja lililokuwa la uongo. Alijua akiyasema dada atashuka. Na alijua pia anachokitaka: amwone kila asubuhi akishona pale dirishani, apate kila asubuhi kusamehewa kidogo bila kuomba.

Kisha akajiuliza angemwambia nini mgeni yeyote aliyempandia karakanani na hadithi kama hii. Jirani yako ameshakugeuka mara moja. Anajuta, na huenda majuto yake ni ya kweli. Sasa anataka uondoe kifungo chako cha mwisho mpakani. Angemjibu huku anashona, bila hata kuinua macho.

Alichukua kalamu, akaifungua, akaigeuza upande wa dada yake. Kichwa hakukiinamisha. Alimtazama usoni, na sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo kiasi kwamba dada alilazimika kusogea.

"Tia sahihi, dada."